Mama anatetemeka mikono na ALT imepanda: je, mwili umeanza kukataa ini?

"Daktari, mama yangu ana miaka 58. Aliwekewa ini India miezi 7 iliyopita juu ya hepataitisi B iliyokuwa imemmaliza ini kabisa, na ni kaka yangu mdogo alimtolea kipande. Tangu arudi hapa Umoja, Nairobi, anaendelea poa, anakula, ameongeza kilo. Wiki 3 zilizopita alishikwa na kikohozi, kemisti ya hapa chini wakampa antibiotiki, klarithromaisini, ya siku 7. Baada ya siku chache mikono ikaanza kutetemeka hadi chai inamwagika, akasema ni hii takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikatae ini, inamfanya hivyo, akawa anaruka ya usiku siku zingine. Halafu Prograf, ndiyo takrolimasi yake, ikaisha tukaikosa, tukapewa takrolimasi ya kampuni nyingine. Juzi damu imeonyesha ALT, ile namba inayopanda ini likiumia, ni 94 na mwezi uliopita ilikuwa 31. Hana homa, macho hayajageuka njano. Shangazi naye ameleta unga wa kuongeza kinga, anasema utasaidia ini. Je, mwili umeanza kukataa ini? Tupunguze dawa ama tuongeze? Na ni kweli akifikisha mwaka 1 ataacha hizi dawa, juu ini ni la mtoto wake mwenyewe?"

Dada yangu, pole kwa hii presha, na asante kwa vile umeandika kila kitu hadi ile ya kemisti na ile ya kuruka, wengi hapo ndipo huficha. Umeniita daktari lakini mimi ni mfamasia, kazi yangu ya kila siku ni dawa za watu waliowekewa figo ama ini, kwa hivyo kuna mahali nitakwambia wazi hapa ni pa daktari wake. Jibu la haraka ni hili: inawezekana mwili umeanza kulikataa ini, bado haijathibitishwa, na hakuna mtu anaweza kuthibitisha kwa kusoma ujumbe. ALT kutoka 31 hadi 94 ndani ya mwezi mmoja si ya kungojea kliniki ya mwezi ujao. Leo hii pigia ile timu ya India, watumie hiyo karatasi ya damu kwa WhatsApp, na kesho mama aonwe na daktari wa ini hapa Nairobi. Mpaka aonwe msipunguze, msiongeze, na asiruke tena hata moja. Ukishapiga hiyo simu rudi tuongee, juu kwa haya umeandika kuna vitu kadhaa vimefuatana na kila kimoja kimevuta dawa upande wake.

Kwanza hiyo ya "hana homa, macho si ya njano". Naelewa kwa nini inakupa moyo, lakini usiiegemee. Watu wanafikiria mwili ukikataa ini mtu ataanguka, ataungua na homa, atageuka njano siku hiyo hiyo. Wakati mwingine inakuwa hivyo, mtu anapata homa, anachoka, tumbo linauma upande wa kulia, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka, ngozi inawasha. Lakini mara nyingi sana mwanzoni hakuna chochote, mtu anapika, anaenda kanisani, anacheka, na kitu pekee kinachosema ni namba za damu. Ndiyo maana wanasumbuliwa na vipimo hata wakijisikia wazima, na ndiyo maana nyinyi mmefanya vizuri kupima juzi.

Sasa kukataa kwenyewe ni nini. Fikiria soja wa geti kwa ploti, amekaa hapo miaka na anajua kila mpangaji kwa sura. Anaingia mpangaji mpya, amelipa, ana karatasi zote, lakini soja hamjui. Akimwona anapiga filimbi, wenzake wanakuja mbio, wanaongezeka, wanamvamia. Mwilini soja ni aina fulani ya seli nyeupe za damu, zinaitwa seli T, na sura wanayosoma ni alama zilizo juu ya kila seli, ambazo kila mtu ana zake. Takrolimasi haiui soja. Inamnyang'anya filimbi tu, yaani inazuia ile seli isitengeneze kemikali ya kuita wenzake. Kama mama anameza pia maikofenoleti, hiyo inazuia wale wanaoitwa wasizaane haraka, na prednisoloni, kama bado hajaachishwa, inapoza fujo yote kwa ujumla. Ndiyo sababu wanapewa dawa zaidi ya moja mwanzoni, kila moja inafunga mlango wake, ili hakuna moja inayohitaji kupewa kwa kiwango cha kuumiza mtu.

Ukielewa hiyo ya filimbi utaelewa kitu muhimu kuliko vyote: soja hachoki kutazama. Dawa ikishuka kwa damu leo, filimbi inarudi mkononi. Na ikipanda sana pia kuna shida, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, presha na sukari zinapanda, figo zinaumia polepole. Kwa hivyo takrolimasi ni dawa ya njia nyembamba, inapimwa kwa damu kama vile fundi anavyopima maji ya betri, si kwa kuangalia mtu usoni.

Swali la ini la mtoto wake. Kaka yako amefanya kitu kikubwa, na ninavyojua ini lake limeshamea karibu lirudi kama zamani, na kile kipande cha mama pia kimekua, ini lina hiyo baraka. Lakini mtoto anachukua nusu ya hizo alama kwa mama na nusu kwa baba, kwa hivyo nusu ya sura ya hilo ini soja wa mama hajawahi kuiona. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa, ni pacha wa kufanana tu ndio soja hatofautishi. Undugu ulisaidia kupata mtu wa kujitolea mapema na ini freshi, haukumwondolea mama dawa. Tena kwa ini madaktari huangalia zaidi kundi la damu na ukubwa wa kipande kuliko kufanana kwa hizo alama, juu ini lina upole fulani, halikataliwi kwa ukali kama figo. Huo upole ni wa kweli na ni bahati, ila watu wameufanya ukawa uvumi kwamba ini halihitaji dawa.

Nitoke kando kidogo, juu najua kuna siku mama atachoka na hivi vidonge. Mtu wa kwanza kuwekewa ini alikuwa Marekani, Denver, mwaka wa 1963, daktari anaitwa Thomas Starzl, na mgonjwa hakupona. Ni mpaka 1967 ndipo walianza kupata watu wa kuishi zaidi ya mwaka, na bado miaka mingi baada ya hapo wengi hawakuumaliza huo mwaka, si kwa sababu madaktari hawakujua kushona, ni kwa sababu hawakuwa na dawa ya kutosha ya kumtuliza soja. Takrolimasi ilipatikana 1984 kwa udongo wa Japani, karibu na mlima Tsukuba, ndani ya kijidudu kinachoishi kwa mchanga. Kile kidonge mama anakiona kama adui ndicho kimefanya aongeze kilo Umoja.

Turudi kwa wiki zako 3. Klarithromaisini na takrolimasi zinavunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja, kiko kwa ini na kwa matumbo. Klarithromaisini inakifunga hicho kimeng'enya, kwa hivyo takrolimasi haivunjwi, inarundikana. Mama anameza dozi ile ile lakini kwa damu imekuwa kama amemeza zaidi, na hapo mikono inaanza kucheza. Kwa hivyo mama hakukosea kusema ni takrolimasi inamtetemesha, pengine alikuwa sahihi kabisa! Kosa ni la dawa ya kikohozi kuandikwa bila mtu kuuliza "unakunywa dawa gani nyingine". Halafu angalia kilichofuata. Klarithromaisini ikaisha, baada ya siku chache kimeng'enya kikafunguka, takrolimasi ikaanza kuvunjwa tena kama kawaida, na ni wakati huo huo mama anaruka ya usiku, na juu yake mkabadilisha kampuni. Yaani pengine ilikuwa imezidi, sasa pengine imepungua, na soja ameokota filimbi. Nasema pengine mara nyingi makusudi, hiyo ni hadithi inayoingiana na tarehe zako, haijawa ushahidi. Inawezekana pia bado imezidi. Ukiniuliza tupunguze ama tuongeze, mikono inakuvuta huku, ALT inakuvuta kule, na yeyote atakayekujibu kabla ya kupima anabahatisha na ini la mama yako.

Kuhusu kampuni nyingine, sitaki uogope bure. Takrolimasi za kampuni tofauti zilizosajiliwa vizuri zinafanya kazi, wengi wanazitumia na wako sawa. Shida ni kurukaruka, mwezi huu hii, mwezi ujao ile, bila kupima. Ukibadilisha, unamwambia daktari, unapima damu baada ya siku chache, halafu unakaa na hiyo moja. Na kuna mtego mbaya zaidi: kuna takrolimasi ya mara mbili kwa siku kama Prograf, na kuna ya mara moja kwa siku kama Advagraf. Majina yanakaribiana, ndani ni takrolimasi zote mbili, lakini hazibadilishwi hivi hivi. Chukua hilo boksi mlilopewa, soma kama ni ya kutolewa polepole, na ulipige picha pande zote utume pamoja na ile karatasi ya damu.

Kipimo chenyewe kina siri yake. Wanatafuta kiwango cha chini kabisa, kile kinachobaki kwa damu karibu saa 12 baada ya dozi ya mwisho, dakika chache kabla ya inayofuata. Nimeona hii mara nyingi: mgonjwa anaamka saa kumi na moja, anapanda matatu, anafika labu mapema kabisa, mtu mwenye bidii, halafu ukimuuliza anakwambia dawa alimeza na chai kabla atoke nyumbani ili asichelewe. Namba inatoka juu, mtu anapunguziwa dozi ambayo haikuwa imezidi. Bidii yote imegeuka hatari. Kwa hivyo siku ya kupima dawa ya asubuhi inabebwa kwa mkoba, damu inatolewa, ndipo anameza. Na uandike saa aliyomeza jana usiku, uwape.

Hapo kesho daktari hatapima takrolimasi peke yake. Ataangalia ini lote, AST, ALP, GGT, bilirubini, na figo. Pengine atataka ultrasaundi ya mishipa ya damu na mirija ya nyongo, juu kwa ini lililotoka kwa mtu aliye hai mirija kubana ni kitu kinachotokea sana, na inapandisha hizi namba bila soja kuhusika kabisa. Atataka kujua kama hepataitisi B imeamka, kwa hivyo niambie, ile dawa yake ya virusi, entekaviri ama tenofoviri, anaimeza kila siku? Hiyo nayo hairukwi, ini jipya halina kinga yake dhidi ya kile kirusi. Kuna virusi vingine vinavyopenda watu wa dawa hizi, vitapimwa. Kama bado haijulikani, kuna biopsi, sindano inachukua kipande chembamba cha ini kiangaliwe kwa darubini. Najua hilo neno linaogopesha, lakini dawa ya kukataliwa na dawa ya maambukizi zinaenda pande tofauti, ukimpa mtu mwenye maambukizi dawa za kushusha kinga zaidi unaweza kumpoteza. Ndiyo maana daktari mzuri hupenda kuona kabla ya kutibu.

Na ikiwa kweli ni kukataliwa? Hapa ndipo nataka upumue. Kukataliwa kwa namna hii ya ghafla kukishikwa mapema kunatibika mara nyingi. Kama ni kidogo, kuinua takrolimasi tu kunaweza kutosha. Kama ni zaidi, anapewa steroidi, jamii ya ile prednisoloni, kwa mshipa, kawaida siku 3 hivi, na wengi namba zinashuka. Ini linarudi kazini. Kile cha kuogopa ni kile cha polepole, mwaka baada ya mwaka, dawa ikipanda na kushuka, mpaka mirija midogo ya nyongo inapotea ndani ya ini, na huko kurudi ni kugumu.

Shangazi sasa. Naomba umwambie kwa upole, juu amenunua huo unga kwa pesa yake na kwa mapenzi. Kwa mtu mwingine "kuongeza kinga" inasikika vizuri. Kwa mama ni kumrudishia soja filimbi na kumpa rungu. Halafu hatujui kilicho ndani, miti mingine inaumiza ini moja kwa moja, mingine inachezea kile kimeng'enya nilichokutajia. Hata vitu vya asili, hata vya kuuzwa na boksi zuri. Kama mama ameshaonja, mwambie daktari kesho, usione haya, na ubebe huo mkebe. Shangazi akitaka kusaidia, kuna kazi kubwa zaidi: awe ndiye anapiga simu saa tatu usiku kuuliza "umemeza?"

Hiyo ya saa tatu nayo. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kuna watu wanarudi hapa wakichanganyikiwa. Haijalishi mmechagua saa ngapi, bora asubuhi na usiku ziachane saa 12 na zisihame. Takrolimasi inaingia vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula ama mbili tatu baada ya kula, lakini kama haiwezekani, afanye namna moja kila siku. Akisahau, hamezi mbili pamoja kufidia, mnapigia timu. Balungi asiguse, tunda wala juisi, inafanya kile kile klarithromaisini ilifanya. Akihara sana pia apimwe, watu hudhani kuhara kunatoa dawa lakini takrolimasi mara nyingi inapanda wakati huo. Nina mzee mmoja dereva wa matatu, ana kaunta buku, mistari miwili kila siku, saa na sahihi yake, peni ya bluu asubuhi na nyekundu usiku. Usiku amekwama Thika Road, anameza hapo hapo kwa stiaringi, anaandika "jam". Miaka inaenda, na nikitaka kujua kwa nini namba imesonga nafungua hiyo buku kwanza.

Kwa kemisti, kuanzia leo sentensi ya kwanza ya mama iwe "nimewekewa ini, nakunywa takrolimasi". Flukonazoli na dawa zingine za fangasi zinapandisha takrolimasi. Dawa nyingi za kifafa za zamani zinashusha. Dawa za maumivu kama Brufen na diklofenaki zinaumiza figo ambazo tayari zimebeba mzigo. Chanjo za virusi hai kama ya homa ya manjano asidungwe. Na kile kikohozi kama kimerudi ama hakijaisha, aambie daktari apimwe TB, hapa kwetu usiiondoe kwa akili, na ikipatikana, ile dawa ya TB inayoitwa rifampisini inashusha takrolimasi vibaya sana, lazima daktari wa ini na wa TB wapange pamoja kabla kidonge cha kwanza.

Swali la mwaka 1. Ni kweli kitu kinapungua: hatari kubwa ya kukataliwa iko miezi ya kwanza, kwa hivyo dozi hushushwa, steroidi mara nyingi huondolewa, wengine wanabaki na takrolimasi peke yake kwa kiwango kidogo. Ni kweli pia kuna wachache, miaka mingi baadaye, walioachishwa kabisa wakakaa sawa, lakini hao walichaguliwa, wakapimwa karibu karibu, na hata kati ya hao waliochaguliwa wengi walirudishwa kwa dawa. Mama yako kwa miezi 7 hayuko huko. Ahesabu hizi dawa kama za maisha, na ile siku daktari akipunguza iwe sherehe.

Mtetemo ukiendelea kuna njia. Kiwango kikiwa juu kitashushwa. Kikiwa sawa na bado chai inamwagika, kuna kuongeza maikofenoleti ili takrolimasi ipungue, kuna ile ya mara moja kwa siku ambayo baadhi ya watu inawatetemesha kidogo, kuna kuhamia dawa nyingine, na kila njia ina shida zake, hiyo ni ya kuketi na daktari. Na kama kuruka kulikuwa pia kwa sababu ya pesa, semeni. Nimeona familia inaona haya kusema, mtu anagawanya vidonge ili vifike mwisho wa mwezi. Daktari akijua anaweza kupanga dawa ya bei mtakayoweza kila mwezi bila kukatika. Na msingoje vibaki vya siku 2 ndipo mtafute, tafuteni vikibaki vya wiki 2.

Leo usiku akipata homa ya 38 kwenda juu, akianza kutapika dawa, macho yakigeuka, mkojo ukiwa mweusi, tumbo likimuuma sana, akitapika damu ama akianza kuongea vitu havieleweki, msingoje asubuhi, nendeni hospitali kubwa yenye daktari wa ini na mseme mlangoni kwamba ni mtu aliyewekewa ini. Kama yuko tu vile alivyo sasa, ameze ya usiku kwa saa yake, uandike. Kesho asubuhi asimeze takrolimasi kabla ya damu kutolewa. Beba dozi yake, maboksi yote, ya zamani na mapya, ule mkebe wa shangazi, karatasi za India, na kitu cha kula.